Heshimuni Wanaosafisha Msimbo

Vijana wa teknolojia tunapenda vitu vinavyoonekana: apu mpya, rangi kali, uzinduzi wenye picha kibao. Lakini kazi inayolinda data zetu mara nyingi iko chini kabisa, na hakuna anayeipigia makofi.

Chukua QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Inaendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Diski ya mashine hiyo ni faili tu, mara nyingi ya aina ya qcow2. Faili imekatwa vipande vya kilobaiti 64, na kuna jedwali linaloonyesha zilipo hesabu za vipande vinavyotumika. Jedwali likijaa, draiva huandika lingine kubwa zaidi, ndipo hubadilisha kichwa cha faili kielekeze huko. Nafasi ya zamani huachiliwa mwisho. Vuruga mpangilio huo, stima ipotee katikati, na data yako imeenda.

Sasa cheki hii: kwa vipimo vya kawaida, jedwali hujaa faili ikikaribia terabaiti 16. Wengi wetu hatutafika huko. Kwa hivyo kosa linaweza kulala humo miaka, kisha limwangukie mwenye data nyingi zaidi.

Ndiyo maana msimbo kama huo lazima usomeke. Watunzaji wa QEMU waliitoa kazi ya kukuza jedwali kwenye fanksheni ndefu, wakaipa fanksheni yake, qcow2_refcount_area, ili sehemu nyingine ziitumie bila kunakili. Mtumiaji hakuona tofauti yoyote, na ndivyo inavyotakiwa.

Shida ni kwamba mabosi wengi huuliza, "Umeongeza nini wiki hii?" Jibu likiwa "nimesafisha," unaonekana umekaa bure. Swali hilo libadilike: umepunguza hatari gani?

Nasi tuache kungoja ruhusa. Mimi niliacha chuo, lakini msimbo wa QEMU uko wazi kwa kila mtu, na hauulizi cheti. Kwa kipakatalishi cha mtumba, tengeneza diski ya qcow2 yenye vipande vya baiti 512: jedwali litajaa kwenye megabaiti 8 hivi, badala ya terabaiti 16. Tazama linavyokua. Soma fanksheni mstari kwa mstari. Ukipata mahali pa kunyoosha, nyoosha, utume. Hautatrendi, lakini data ya mtu itakuwa salama.