Dawa ya Harufu ya Choo ni Hewa

Wasafiri wa majini waijua vema harufu ya choo cha chomboni. Maji ya bahari yasukumayo uchafu yana salfeti nyingi. Yakituama katika mabomba na tangi pasipo hewa, bakteria wasiohitaji oksijeni huigeuza salfeti hiyo kuwa hidrojeni salfaidi, gesi inukayo kama yai viza. Dawa yake ni kuyasafisha mabomba kwa maji yasiyo na chumvi, na kuliwekea tangi bomba pana la kupitisha hewa. Manukato huificha harufu tu, hayaiondoi.

Mji wa Babati u mbali na bahari, lakini kanuni hiyo yauhusu. Umejengwa kando ya Ziwa Babati, ambalo lilifurika mwaka 1990. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo hujaa maji, na uchafu huoza bila oksijeni kama ulivyo ndani ya tangi la chombo.

Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi kuchimba vyoo. Hata hivyo, kuchimba peke yake hakutoshi. Choo kinukacho hukimbiwa; mwanafunzi huenda kichakani, na inzi hubeba vijidudu vya kuhara hadi kwenye chakula. Kwa maoni yangu, fedha za kununulia dawa za manukato zingenunua bomba kwanza.

Katika miaka ya 1970, Peter Morgan wa Maabara ya Blair, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alibuni choo cha shimo chenye bomba la hewa. Upepo upitao juu ya bomba huivuta hewa ya shimoni, na hewa safi hushuka kupitia tundu la choo. Inzi walio shimoni huufuata mwanga bombani, wakazuiliwa na wavu uliofungwa juu. Basi bomba sharti lipite paa kwa nusu mita hivi, chumba kiwe na giza kiasi, wavu usitoboke, wala tundu lisizibwe kwa kifuniko.

Walimu wa sayansi wa Babati waweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Mbele ya mwalimu, moshi kidogo wa udi usogezwe karibu na tundu. Ukishuka, bomba lafanya kazi. Ukipanda, wanafunzi watafute sababu na kuirekebisha.