Njia ya reli iko, gare ya mutumikaji iko wapi?

Wanatuambia mutumikaji wa mugodi anafanya saa nane kwa siku. Wamehesabu kazi, njia hawakuihesabu. Mutu anayelala Ruashi ao Katuba anatoka mu nyumba mbele ya jua kutoka, anarudia watoto wameisha kulala. Sisi wa sendika tunauliza: ile masaa ya njiani, nani anailipa?

Wenye mukataba na kampani kubwa, mara nyingi basi ya kampani inawabeba. Wale wa sutretansi wanajilipia taksibisi, kisha moto, na feza inatoka mu mushahara ule ule mudogo.

Lakini reli iko. Ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mu mwaka 1910. Mu miaka ya 1950 walitia waya za umeme juu yake kuelekea Likasi, Tenke na Kolwezi. Shaba imepita pale zaidi ya miaka mia moja. Mutumikaji anaisindikiza kwa macho.

Tuangalie Addis-Abeba, kule Ethiopia. Mu Septemba 2015 walifungua treni nyepesi ya umeme: njia mbili, kilometa 34 hivi, gare 39. Njia moja inashuka mpaka Kality, ingine inaenda mpaka Ayat, huko pembeni ya muji ambako watu wa kazi wanakaa. Ilikula dola milioni 475, na asilimia 85 ilikuwa mukopo wa benki ya Exim ya China. Nani alijenga? Kundi la China Railway, lile lile lenye sehemu mu Sicomines, Kolwezi.

Basi wajenzi hawako mbali, tunapitana nao kila siku. Mapatano ya Sicomines yalirekebishwa mu 2024: miliardi 7 za dola kwa miundombinu, na sehemu kubwa ni ya barabara. Barabara tunazitaka. Lakini barabara peke yake inajaa malori ya madini, na taksibisi ya mutumikaji inangoja nyuma.

Kuna watakaosema: treni za Addis zimeharibika. Ni kweli. Walinunua treni 41, na kisha miaka michache nyingi zilisimama ju ya kukosa piyesi. Sisi watu wa migodi tunajua hiyo mambo: mashine bila piyesi na bila makanika ni chuma cha kuuza kwa kilo. Ile inatufundisha kuandika mapatano vizuri. Haitukatazi kuomba gare.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Ya kwanza, treni za asubuhi na za mangaribi juu ya reli iliyoko, na gare ndogo karibu na makartie ya watumikaji, saa zake zifuate saa za kubadilisha poste. Ya pili, atelie, piyesi na masomo ya vijana wetu viandikwe mu mukataba tangu mwanzo. Ya tatu, feza ya njia iingie mu mapatano ya kazi, watu wa sutretansi wakiwa ndani.

Wakubwa, siku mutatia sahihi, tutakuwa na maulizo mbili tu: gare ya kwanza itajengwa kartie gani, na piyesi za mwaka wa kumi nani atazilipa?