MGENI MPE JEMBE, TENA MPE KADI YA CHAMA



Siku hizi neno moja lasikika sana makazini: "Wageni wametujaa, kazi zetu zinakwisha." Neno hili lafaa lijibiwe, maana tukiliacha litavunja chama chetu kabla mwajiri hajatia mkono wake.

Kwanza tuulize, reli hii ilijengwa na nani? Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walileta kutoka Bara Hindi watu wa mkataba wapatao 32,000. Kama 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi. Wengi wa waliopona walirudi kwao, na waliobaki hawakufika 7,000.

Baadaye walikuja Wahindi wengine, na mmoja wao ni Makhan Singh, aliyefika kutoka Punjab mwaka 1927 akiwa bado kijana. Mwaka 1935 chama cha wafanyakazi wa Kihindi kilifungua mlango kwa watu wa rangi zote, naye alikuwa katibu wake. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama vya Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru wazi wazi. Serikali ikamshika mwezi uliofuata, asirudi kwao mpaka mwaka 1961. Je, mtu huyu alitunyang'anya kazi?

Sasa twende nyumbani kwetu Ndhiwa. Sisi Wajaluo tunajiita wenyeji, lakini babu zetu walitoka upande wa Sudani, wakapitia Uganda. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, kule Migori, zadhaniwa kuwa za karne ya 16, na watu mbalimbali walipokezana kukaa ndani yake. Tena kila mji kwetu walijua neno jadak, yaani mtu aliyepewa pa kulima katika nchi ya ukoo mwingine. Ni wangapi kati yetu ambao babu yao alikuwa jadak?

Na sisi pia tumeonja uchungu wa kuitwa wageni. Mwaka 1970 serikali ya Uganda ilifukuza wafanyakazi wa Kenya, kama watu 30,000, wengi wao Wajaluo. Watu waliacha nyumba na jasho la miaka mingi. Miaka miwili baadaye Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 tu. Kumbe ule mlango uliotumika kututoa sisi haukuwa umefungwa.

Lakini mtu aweza kusema, "Mbona walowezi nao walikuwa wageni, na walitutenda vibaya?" Ni kweli. Wale walikuja na bunduki na sheria ya kuchukua ardhi. Mgeni wa namna hiyo si sawa na mtu aliyekuja na mikono yake miwili kutafuta kazi. Tusiwachanganye.

Ubaya uko hapa: mwajiri akipata mtu wa mbali, asiyejua sheria wala hana wa kumtetea, atamlipa kidogo, kisha atatuambia sisi, "Mwenzenu amekubali, ninyi mnataka nini?" Hapo adui ni ule mshahara mdogo. Tukimchukia mgeni, atabaki upande wa mwajiri. Tukimwandika chamani, mwajiri hana mtu wa kututishia naye. Na kama mgeni analipwa zaidi yetu kwa kazi ile ile, dawa ni hiyo hiyo: tudai malipo sawa.

Sheria iko nasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa "kila mfanyakazi" haki ya kuingia chama. Haikusema kila mwananchi. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya taifa lake, na yataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa.

Basi nashauri kila tawi limwulize mgeni maswali mawili tu: unalipwa nini, na umeandikwa chamani? Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa chama tuongeze: siku hiyo hiyo mpe na kadi.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Reli,
Ndhiwa