Kumchukia Mhusika Si Kuihukumu Hadithi

Katika makosa wayatendayo wasomaji na watazamaji kila siku bila ya kuyatambua, liko moja ambalo nataka kulipinga kwa nguvu zangu zote. Kosa hilo ni kumpima mtunzi kwa tabia za watu aliowatunga. Mtu wa hadithi akiwa mwema, mtunzi husifiwa. Akiwa mwovu, mtunzi hulaumiwa. Akiwa mwema leo na mwovu kesho, mtunzi huambiwa kuwa hajui kazi yake. Hukumu ya namna hii ni nyepesi kutamka, na kwa wepesi wake imeenea kila mahali. Walakini wepesi wa kauli si dalili ya ukweli wake. Mwenye kusema hivyo hana tofauti na mtu amshitakiye mchoraji kwa ubaya wa sura ya mtu aliyechorwa.

Ili maneno yangu yasielee hewani, nitatwaa mfano mmoja wa mbali, kutoka Japani. Katika nchi hiyo uko mchezo wa televisheni uitwao Kamen Rider, ulioasisiwa na mchoraji hadithi Shotaro Ishinomori na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1971. Ni habari za shujaa mwenye barakoa, mpanda pikipiki, ambaye hugeuka umbo na kupigana na viumbe wa kutisha. Tangu wakati huo imetungwa mifululizo mingi yenye jina hilo, kila mmoja na shujaa wake. Watazamaji wake wa kwanza ni watoto, lakini wazazi nao huketi wakatazama, na wengi waliouona utotoni hawakuuacha walipokuwa watu wazima.

Mfululizo nitakaousema ni ule wa Kamen Rider 555, ambao jina lake hutamkwa Faiz. Ulionyeshwa tangu Januari 2003 mpaka Januari 2004, katika sehemu 50, na sehemu zote hizo ziliandikwa na mtu mmoja, Toshiki Inoue. Ndani yake wamo watu waliokufa kisha wakafufuka wakiwa viumbe wa namna nyingine, waitwao Orphnoch. Wana nguvu kuliko wanadamu, na wengi wao huwaua wanadamu. Juu yao iko kampuni kubwa, tajiri, yenye kuwatumikisha kwa faida yake.

Shujaa ni kijana aitwaye Takumi. Hana maneno matamu. Hujibu kwa ukali, hukasirika upesi, hawezi kunywa kitu cha moto, na hukaa katika duka la dobi pamoja na Keitaro, mwenye duka, na msichana aitwaye Mari. Upande wa pili yuko Kiba, kijana mpole aliyepoteza wazazi wake katika ajali ya gari, naye akalala miaka miwili bila ya fahamu. Alipozinduka alikuta mali ya wazazi wake imo mikononi mwa baba yake mdogo na mchumba wake yu pamoja na binamu yake. Kiba, ambaye sasa ni Orphnoch, aliwaua binamu yule na mchumba yule. Kisha akaishi akitamani kupatana na wanadamu. Wa tatu ni Kusaka. Huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, hodari wa michezo, mwenye adabu mbele za watu na tabasamu lisilokauka. Lakini nyuma ya tabasamu hilo ni mwongo na mfitini. Huwachukia Orphnoch wote bila ya kubagua, na huwagombanisha Takumi na Kiba ili mambo yaende apendavyo yeye.

Sasa tuyasikilize malalamiko ya watazamaji, kisha tuyapime moja moja.

Lalamiko la kwanza lahusu Takumi. Wako waliosema kuwa shujaa hawezi kuwa mtu wa namna hii, asiye na uchangamfu, asiyejua kushukuru, tena asiye na ndoto yoyote ya maisha. Nauliza: ni nani aliyeweka sheria kuwa ushujaa na uchangamfu ni ndugu pacha? Ukali wa Takumi una asili. Yeye mwenyewe alikufa utotoni katika moto, naye ni Orphnoch kama wale anaopigana nao. Siri hiyo ameibeba peke yake. Mtu anayeogopa kuwa siku moja atawadhuru wapenzi wake hujitenga nao. Na njia iliyo fupi ya kujitenga ni kuwa na ulimi mkali. Mtazamaji aliyelalamika mwanzoni alikuwa na udhuru, kwa maana alikuwa hajaambiwa. Aliyeendelea kulalamika baada ya siri kufunuliwa hakuwa na udhuru. Alionyeshwa mzizi, naye akazidi kuyalaumu majani.

Lalamiko la pili ndilo kubwa. Lahusu Kusaka. Sijui kama kuna mtu mwingine katika hadithi hizi aliyechukiwa kuliko yeye. Chuki hiyo si ajabu, maana mtunzi aliikusudia. Ajabu ni hatua ifuatayo, pale mtazamaji atokapo katika maneno “namchukia mtu huyu” akaingia katika maneno “mtu huyu ameandikwa vibaya”. Baina ya kauli hizo mbili liko bonde kubwa, na wengi hulivuka wakiwa wamefumba macho.

Hebu tulitazame bonde hilo. Kusaka ni yatima aliyelelewa pamoja na Mari katika nyumba ya watoto yatima. Alipokuwa mdogo alionewa na wenzake, na Mari ndiye aliyemtetea. Wengi wa wale waliolelewa pamoja naye waliuawa baadaye, na Orphnoch ndio waliowaandama. Basi chuki yake ina sababu, na mapenzi yake kwa Mari yana sababu. Uongo wake nao una sababu, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu huona kuwa hila ni halali kwake ili asinyang'anywe kilichobaki. Mtu huyo huyo aliendelea kupigana ili kumlinda Mari hata mwili wake ulipoanza kuwa majivu. Na mwisho wake ulikuwa nini? Aliuawa na Kiba, yule aliyemchochea kwa fitina. Mbegu aliyopanda ndiyo aliyovuna. Haya ni maandishi mabaya? Ikiwa mtu ana chanzo, ana njia na ana mwisho unaolingana na njia yake, kazi ya mtunzi imetimia, tupende tusipende.

Hata sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunalo funzo hili tangu zamani. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa hauawi na jeshi. Huuawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, kwa tamaa ya ahadi za adui. Hapana msikilizaji asiyemchukia mtoto yule. Lakini je, umepata kumsikia mtu akisema kuwa utenzi ule ni mbaya kwa sababu mtoto ni msaliti? Sivyo. Wazee wetu walijua kutenganisha uchungu wa habari na ubora wa utungo. Elimu hiyo walikuwa nayo bila ya televisheni. Itakuwa aibu ikitupotea sisi tulio nayo.

Lalamiko la tatu lasema kuwa watu wa hadithi hii hawasemezani. Takumi na Kiba hufahamiana na kupatana wakiwa katika maumbo ya kibinadamu, huku wakipigana vikali wakiwa wamegeuka, wala mmoja hajui kuwa adui yake ndiye mwenzake. Wako watazamaji waliocheka wakisema kuwa taabu zote zingekwisha kama wangeketi saa moja wakaelezana. Katika hili nakiri kuwa liko jambo la haki. Pengine mtunzi aliivuta kamba ya kutoelewana kupita urefu wake, na pengine mkutano uliopaswa kuleta suluhu ulivunjwa na sababu ndogo mno. Atakayeonyesha sehemu fulani na kusema, “hapa mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kusema ukweli na hana sababu ya kunyamaza,” huyo amelaumu kwa haki, na mtunzi hana budi kuinamisha kichwa.

Lakini lawama ya jumla siikubali. Mwenye siri ya aibu hasemi. Kiba amekwisha kuua, ataanzaje mazungumzo? Takumi aficha umbile lake. Atafichua nini kwanza? Mwambie mtu aliyegombana na nduguye miaka kumi kwa ajili ya mpaka wa shamba kwamba saa moja ya mazungumzo ingetosha. Atakubali kuwa ingetosha, na hatakwenda. Mtazamaji anayejua siri za pande zote mbili huwaona wahusika kuwa wapumbavu, akasahau kuwa wao hawana macho aliyopewa yeye.

Lalamiko la nne hutoka kwa wale wanaojiona walinzi wa watoto. Husema kuwa mchezo wa watoto hauna haja ya watu wenye dosari. Mtoto aonyeshwe mwema aliye mwema mtupu na mwovu aliye mwovu mtupu, mambo yakaisha. Naheshimu nia yao, lakini naipinga njia yao. Mtoto aliyefundishwa kuwa waovu hujulikana kwa sura za kutisha atamwamini kila mwenye tabasamu. Kusaka ana tabasamu zuri kuliko wote. Tena mtoto aliyefundishwa kuwa shujaa hana kasoro atakata tamaa siku atakapoiona kasoro yake mwenyewe, au atamtupa rafiki yake siku atakapoiona ya rafiki. Hadithi inayomwonyesha mtu mkali wa ulimi akijitoa mhanga kwa ajili ya wengine haimpotoshi mtoto. Humtayarisha kuishi na watu.

Na liko jambo moja zaidi ambalo walalamikaji hawakuliona. Kusaka hukumu yake ni moja: Orphnoch ni Orphnoch, na wote wafe. Haulizi huyu ametenda nini, wala yule amekuwaje hivi. Mtazamaji amwonaye Kusaka akasema, “huyu ni mbaya, aondolewe,” wala asiulize amekuwaje hivi, ametenda kama Kusaka mwenyewe. Ameketi mbele ya kioo akidhani kuwa ni dirisha.

Yawezekana mtu akanijibu kuwa mchezo hutengenezwa kwa ajili ya mtazamaji, basi mtazamaji ndiye mwenye neno la mwisho. Jibu lake liko katika historia ya mchezo huu huu. Mwaka 2002, katika mfululizo uliotangulia, uitwao Ryuki, mashujaa waliwekwa wapigane wao kwa wao mpaka abaki mmoja. Kijana aitwaye Shinji alihangaika tangu mwanzo kuvikomesha vita hivyo. Mwaka huo ulionyeshwa mchezo maalumu ambamo watazamaji walipewa nafasi ya kupiga kura kuchagua mwisho: vita viendelee au vikome. Walio wengi walichagua viendelee. Siwalaumu, maana waliulizwa wapendalo wakasema wapendalo. Lakini tusiite mapenzi hayo kipimo cha utunzi. Kura yaweza kutuambia watu wanataka nini; haiwezi kutuambia kama mtu wa hadithi ametungwa kwa haki.

Basi kipimo ni kipi? Mimi naona kuwa mhusika apimwe kwa maswali matatu. Swali la kwanza: je, tabia yake ina chanzo tunachoweza kukiona au kukikisia? La pili: je, atendayo leo yanatokana na aliyotenda jana, na kama amebadilika, kipo kilichombadilisha? La tatu: je, matendo yake yana matokeo, kwake na kwa wengine, au hupita kama upepo? Mhusika akianguka katika maswali haya, mlaumu mtunzi bila ya huruma, hata kama mhusika huyo ni mwema kama malaika. Akifaulu, msifu mtunzi, hata kama mhusika huyo usingependa kumkaribisha nyumbani kwako.

Nayasema haya kwa wanafunzi wa shule za sekondari kwa sababu ninyi ndio mnaoulizwa kila mwaka kuwaeleza wahusika wa riwaya na tamthilia. Mara nyingi jibu huanza na kuisha kwa orodha: huyu ni katili, yule ni mwaminifu, huyu ni mlafi. Orodha hiyo ni mwanzo tu wa kazi. Jibu lililo kamili lataka kueleza ukatili huo umetoka wapi na umempeleka wapi mwenye kuwa nao. Aliyezoea kuuliza hivyo juu ya watu wa vitabuni hatashindwa kuuliza hivyo juu ya jirani yake, kabla ya kujiunga na umati unaomzomea.

Miaka ishirini baada ya Faiz kumalizika, watu walewale walirudishwa katika filamu iliyotoka Februari 2024, iliyoandikwa na Inoue yule yule. Kusaka alikuwamo. Angekuwa ameandikwa vibaya, hapana mtu ambaye angetaka kumwona tena. Watu walimchukia, wakamkumbuka, wakaenda kumtazama. Mtunzi hawezi kuwaomba watazamaji zaidi ya hayo. Na watazamaji, kwa upande wao, wana deni la kumlipa mtunzi: wamchukie Kusaka wapendavyo, lakini wasimnyime aliyemtunga haki yake.