Salwa wa Sinai na Nyavu za Pwani

Watoto wetu wa madrasa hulijua jina la salwa kabla ya kumjua ndege mwenyewe. Mwenyezi Mungu amemtaja mara tatu katika Qur'ani Tukufu, katika sura za Al-Baqara, Al-A'raf na Taha, pamoja na manna, kuwa riziki waliyoteremshiwa Wana wa Israili. Wafasiri wengi wamesema ni kware, na kware angali akipita Sinai hadi leo.

Ni ndege mdogo, uzito wake hukaribia gramu 100. Huzaliana Ulaya na Asia, na baridi ikikaribia huhamia Afrika, kusini ya Sahara. Huivuka Bahari ya Mediterania usiku, na alfajiri hutua pwani ya Misri akiwa amechoka mno. Hapo hukutana na nyavu. Tangu mwisho wa Agosti hadi Oktoba hutandwa kwa mamia ya kilomita za pwani hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Misri ilikuwa ikipeleka Ulaya kware kwa mamilioni.

Kumwinda ni halali, na wawindaji wengi ni watu wa kipato kidogo. Hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Tunalolihoji ni ukuta wa nyavu usio na mwanya, na vipaza sauti vinavyopigwa usiku kumwita ndege aliyechoka. Tena wavu hauchagui: hunasa hata ndege wadogo wasiowindwa. Serikali ya Misri imeweka masharti ya urefu wa nyavu na nafasi baina yake, ila si wote wanaoyafuata.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, halijamweka kware huyu miongoni mwa walio hatarini kutoweka, lakini linasema idadi yake inapungua. Nyavu si sababu pekee. Kilimo cha Ulaya, kwa dawa zake za wadudu, kimemnyima chakula na maficho.

Wako wanaodhani kware wa mabanda yetu, wa mayai yale yaliyovuma miaka ya 2013 na 2014, ndiye salwa. Siye. Huyo ni kware wa Kijapani, jamaa yake wa karibu tu. Huko Ulaya wamefunguliwa kwa ajili ya wawindaji, wakachanganyika na wa porini. Basi anayewafuga na akachoshwa nao, asiwaachie porini kwa kudhani anatenda hisani. Awachinje au awauze.