Kasumba ya Biskuti na Njaa ya Darasani

Imezuka tabia miongoni mwa baadhi ya watumishi wa umma na walimu wanaofanya kazi vijijini. Mtoto wa miaka mitano au sita hupelekwa shule akiwa na sarafu ya shilingi 200 mkononi, na wazazi wake wakahesabu kwamba wamekwisha kumpa chakula cha mchana. Sarafu hiyo huishia kibandani, kando ya uwanja wa shule, ikageuka pakiti ya biskuti, barafu iliyotiwa rangi, au andazi lililolala. Ifikapo saa sita mchana mtoto ana njaa ile ile aliyoamka nayo. Mwalimu anayejitahidi kumfundisha herufi humwona anasinzia, humwita mvivu, pengine humchapa.

Jambo hili ni baya popote lilipo, lakini katika kata kama Nyambureti, wilayani Serengeti, halina hata pa kujificha. Ardhi ya sehemu hizo za Mkoa wa Mara hutoa mahindi, mtama, ulezi, muhogo, viazi vitamu, maharage na karanga. Ng'ombe wapo, kuku wapo, na dagaa wa Ziwa Victoria hufika minadani wakiwa wakavu, wakiuzwa kwa kopo. Anayesema hapo kwamba amekosa cha kumfungia mtoto, isipokuwa iwe ile miezi michungu kabla ya mavuno, hana budi kuulizwa amekosa nini hasa.

Alichokosa ni ujasiri wa kumpa mwanawe kiazi cha kuchemsha mbele ya macho ya watu. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe. Mtoto akifungua kitambaa kikaonekana kiazi, wenzake humcheka kuwa ni mshamba; akitoa pakiti inayong'aa, hukimbiliwa na kubembelezwa. Watoto hawakuzaliwa na dharau hiyo, wala mkulima wa Nyambureti hakuibuni. Ilifika pamoja na watu waliosoma, wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao kwao kitokacho dukani ni dalili ya cheo na kitokacho shambani ni dalili ya dhiki. Mtumishi wa namna hiyo husimama mbele ya mkutano wa kijiji akayasifu maziwa na mboga za majani kwa ufasaha mkubwa, na saa ile ile mtoto wake anafyonza barafu nyekundu nyuma ya darasa. Wanakijiji wana macho, nao huyaamini macho hayo kuliko hotuba.

Tena hili si somo ambalo watumishi wanaweza kudai halikupata kutolewa. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakakusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya kile wanachokula. Kati ya hizo mbili, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, mkoani Mara humo humo, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la kwenda shule awe darasani. Aliyetaka kuona aliona tangu siku zile kwamba dawati na chakula ni kazi moja.

Na Mkoa wa Mara unajua, pengine kuliko mikoa mingi, linalotokea tumbo likijazwa bila mwili kulishwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa vijiji kadhaa vya Wilaya ya Tarime ya wakati ule walipatwa na ugonjwa wa konzo, ambao hukakamaza miguu ghafla na haurudishi kilichopotea. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na wanawake. Njaa iliwalazimisha kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka mno, sumu yake ikiwa bado imo. Na kwa kuwa chakula chao kilikuwa na uchache wa protini, ile ya samaki, maharage na maziwa, mwili ulikosa nguvu ya kuiondoa sumu hiyo. Kosa halikuwa la wananchi hao, kwani ukame haukuwaachia nafasi ya kuchagua. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua leo, anapomfungia mtoto kipande cha muhogo peke yake, au biskuti ambayo ni unga, mafuta na sukari tu, anakiendea chakula cha njaa kwa hiari yake.

Kifungwe nini, basi? Viazi vitamu vya kuchemsha, hasa viazi lishe vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo vina vitamini A, pamoja na yai au kiganja cha karanga. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ugali wa ulezi uliopikwa alfajiri na kuwekewa maharage au dagaa ni chakula kamili, na hata ule wa jana, ukipashwa moto barabara, hauna aibu yoyote. Anayeuita kiporo kwa dharau angefaa aeleze biskuti yake ilitengenezwa mwezi gani. Maziwa ya mgando hustahimili joto la mchana kuliko maziwa mabichi, na kibuyu kilichosafishwa vizuri kilikuwa kikifanya kazi hiyo kabla ya chupa za plastiki. Papai au embe kwa msimu wake. Maji yaliyochemshwa badala ya soda, ambayo chupa moja ya mililita 300 ina sukari ya vijiko kama saba vya chai.

Kazi hiyo asiachiwe mama peke yake. Katika nyumba nyingi maziwa na mayai huuzwa mapema asubuhi na fedha yake haipiti jikoni, halafu mama ndiye huulizwa kwa nini mtoto hakufungiwa kitu.

Wapo watakaosema kwamba jukumu ni la Serikali, kwa kuwa tangu Januari 2016 elimu hutolewa bila ada. Hao wameusoma uamuzi huo nusu. Waraka wa Elimu wa mwaka 2016 uliliacha suala la chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Hoja yenye uzito ni ya wale wanaosema kwamba kila mtoto akija na bakuli lake, shule itagawanyika: wa mwalimu atafungua yai, na wa mjane atafungua viganja vitupu. Hofu hiyo ni ya kweli. Chungu kimoja cha shule, kinachochangiwa mahindi na maharage wakati wa mavuno, ndilo lengo, na kamati ya shule inayoacha moto wake uzimike baada ya miezi mitatu iwajibishwe. Lakini matabaka yanayoogopwa yapo tayari, yamesimama foleni kwenye kibanda cha biskuti, na hapo asiye na sarafu hapati hata makombo. Kiazi hukatwa vipande viwili. Sarafu haikatiki.

Wala si siri kwamba katika baadhi ya shule mwenye ndoo ya maandazi ni mwalimu mwenyewe. Huyo achague kati ya ndoo na chaki. Walimu wengine wayakague mabakuli ya watoto wa awali na darasa la kwanza kila asubuhi, kama wanavyokagua kucha na sare, pasipo kumwaibisha asiye na kitu. Jina lake lifike kwenye kamati siku hiyo hiyo. La kwanza kufunguliwa liwe la mtoto wa mwalimu mkuu, na la pili la mtoto wa mtendaji wa kata.