Ukiambiwa diski 'haiingiliani', uliza kwa nini

Mwaka juzi mteja wetu mmoja wa Ruiru alifiwa na babake. Wiki mbili baada ya mazishi akatupigia simu akiomba video ya ruracio yake, kwa sababu hapo ndipo sauti ya mzee ilikuwa imebaki. Mimi na binamu yangu ndio tuliopiga video hiyo. Tulikuwa tumeihifadhi kwenye diski moja tu, ile ndogo ya kubeba mfukoni. Nikaichomeka. Ikalia ka-ka-ka, kisha kimya. Fundi wa kwanza akatikisa kichwa, wa pili vilevile.

Ndiyo maana leo chini ya meza yangu hapa Makongeni, Thika, kuna shelfu ya diski yenye nafasi 24, inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Jirani ameshauliza mara tatu kama nafuga kitu.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo usitarajie mhadhara. Ila kuna neno moja limenichosha: "haiingiliani". Katika biashara ya kompyuta za mtumba, neno hilo limegeuka kuwa njia ya kumaliza mazungumzo. Ukiuliza kwa nini diski haisomeki, unaambiwa haiingiliani, nunua nyingine. Na sisi vijana tunatoa pesa.

Shelfu yetu ni ya mtumba, ilitoka kwenye ofisi fulani ng'ambo. Pamoja nayo tulinunua diski 12 za SAS, kila moja terabaiti 4, kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Tukaiunganisha kwa kebo na kompyuta kuukuu yenye Linux. Diski nne zikaonekana sawa. Nane zikawaka taa, zikazunguka, lakini kompyuta ikasema ukubwa wake ni sufuri. Nikampigia aliyeniuzia. Unajua alichosema.

Binamu alitaka tuziuze kama chuma chakavu. Mimi nikaanza kuhamisha kitu kimoja kimoja. Nilichukua diski nzima nikaiweka kwenye nafasi ya ile iliyogoma: ikasoma. Nikaiweka iliyogoma kwenye nafasi nzuri: ikagoma. Basi shelfu haina makosa, kebo haina makosa, shida inatembea na diski. Hatua hii haigharimu hata bob, na bado wengi wetu huiruka na kukimbilia kununua kebo mpya.

Kisha nikasoma kumbukumbu za Linux, yale maandishi ya dmesg ambayo hakuna anayependa kuyaangalia. Jibu lilikuwa pale pale: sekta za baiti 520, hazikubaliki.

Kumbe hivi. Diski za kawaida hugawa data katika vipande vya baiti 512, au 4,096 kwa mpya zaidi. Baadhi ya mitambo mikubwa ya kuhifadhi data ya makampuni hutumia 520: zile 8 za ziada hubeba alama za kuhakiki kwamba data haijaharibika. Mtambo wenyewe unaelewa, lakini kompyuta yako ya nyumbani haielewi. Diski ni nzima kabisa, imepangwa tu kwa kipimo kingine.

Dawa yake ni programu ya bure inayoitwa sg_format. Unaiamuru ipange diski upya kwa baiti 512, na inafuta kila kitu, kwa hivyo hakikisha mara mbili umeelekeza diski sahihi. Halafu unasubiri. Saa nyingi. Nilizianzisha zote nane jioni, nikalala kwa furaha. Saa tisa usiku stima ikapotea. Asubuhi diski zote zilikuwa zinalalamika kwamba mpangilio umeharibika, na mimi nusura nilie. Nikaanza upya, safari hii nikiwa nimeazima UPS. Saba zikarudi zikiwa na terabaiti 4 kamili. Ya nane ilikuwa mbovu kweli: kila nikiipima kwa smartctl, idadi ya sehemu zilizokufa ilikuwa imeongezeka. Hiyo niliitoa.

Saba kati ya nane. Fikiria ningemwamini yule muuzaji.

Kuna nyingine niliyokutana nayo baadaye. Binamu alileta diski ya SATA aliyoing'oa kwenye kasha la nje. Kwenye kompyuta yake ya zamani haikuzunguka hata kidogo. Diski nyingi za aina hiyo zikipata volti 3.3 kwenye pini ya tatu ya umeme huelewa kwamba zimeamriwa zijizime. Unafunika pini hiyo kwa utepe ule wa manjano wa kustahimili joto, ambao kila fundi wa simu anao. Pale stendi ya Ruiru nilipewa kipande bure. Usitumie ule mweusi wa nyaya, ukipata joto gundi yake huyeyuka.

Na ukiona SAS ya bei ya kutupa, angalia mdomo wake kabla ya kutoa pesa. SATA ina pengo katikati ya mdomo wa data na wa umeme. SAS imeliziba. SATA inaingia kwenye shelfu ya SAS, lakini SAS haiingii kwenye kebo ya SATA ya kompyuta yako. Hapo hata mimi nakubali neno "haiingiliani".

Sisemi kutoingiliana ni uongo wakati wote. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilitumia SMR, mbinu ya kupandanisha mistari ya data ambayo huzifanya kuwa nzito mno zikijazwa upya baada ya mwenzao kufa. Hilo mnunuzi alistahili kuambiwa mapema. Lakini tazama pia Synology. Mwaka 2025 ilifungia modeli zake mpya za Plus zitumie diski ilizoidhinisha yenyewe, wateja wakapiga kelele, na Oktoba mwaka huo huo toleo jipya la programu likaziruhusu za wengine. Diski hazikubadilika hata kidogo.

Muuzaji wa mtumba hawezi kujua yote haya, sawa. Anachoweza ni kukuruhusu uje na kompyuta yako uipime diski kabla ya kulipa. Akikataa, ondoka. Matatu ziko tele.

Gharama nyingine ni stima. Diski moja hula takriban wati 7 hadi 10 ikizunguka, na shelfu yenyewe ina feni zake, kwa hivyo tokeni zinayeyuka. Tunaiwasha usiku tu, kunakili. Na kwa kuwa mwizi au moto haujali una diski ngapi, nakala ya pili ya kila harusi hukaa kwa binamu, Kihunguro, Ruiru.

Yule mteja hatukumpa video. Tulimtafutia picha 11 zilizokuwa zimesalia kwenye simu ya binamu. Katika mbili, mzee anacheka.